Mrejesho: kaboni za mota ya cherehani zimepatikana Mwanjelwa

Wakuu, niliuliza wapi hapa Mbeya nitapata kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) za mota ndogo ya cherehani ya zamani. Zilikuwa zimelika hadi mota inatoa cheche na kukatakata. Asanteni mlionielekeza soko la Sido, Mwanjelwa. Madukani jibu lilikuwa moja tu: nunua mota mpya. Aliyenitoa ni fundi wa kusuka mota. Zangu ni milimita 5 kwa 8, yeye alikuwa na za grainda, 6 kwa 9. Akatandaza msasa laini juu ya kioo, akawa anazisugua taratibu huku anapima, mpaka zikateleza zenyewe ndani ya kishikio bila kubana wala kuchezacheza. Springi akarudisha zilezile. Ncha akazichonga zibonyee kidogo zifuate duara la komyuteta (ile shaba ya mviringo inayozunguka, kaboni zinapogusa), ambayo nayo aliifuta masizi. (Vumbi jeusi la kaboni halitoki kwenye nguo, mjiandae.) Mwanzoni cheche zilikuwepo kidogo; akasema iachwe izunguke bila mzigo hadi kaboni zikae. Zimekaa. Mkuu uliyeshauri niagize Dar, gharama ya kusafirisha tu ingezidi bei ya kaboni zenyewe. Sasa natafuta mkanda wa hiyo mota, mwenye kujua duka aseme.