Mtoto wa miezi 20 atangulie mwenyewe kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, au abebwe? Na pikipiki je?

Mama wa Hurumzi:

Assalaam alaykum jamani. Juzi baada ya Alasiri, njia ya Mkunazini, mzee mmoja alinisimamisha mbele za watu: "Mama, huyo mtoto mbebe, utakuja kulia." Binti yangu ana miezi 20, ndiyo kwanza anakwenda tata. Alikuwa hatua mbili mbele yangu, mimi nyuma na kapu langu la sokoni. Nilimwamkia mzee, nikapita. Lakini neno lile limenikaa, na nataka tulijadili: anayekosea ni mimi ninayemwacha mtoto aongoze njia, au ni sisi sote tulioruhusu pikipiki zipite kwa kasi kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hukaa ubavu?

Msimamo wangu nausema wazi. Mtoto aachwe atembee, na pikipiki ndizo zipunguzwe.

Njiani kwetu kuna mlango wa zamani wenye misumari mikubwa ya shaba. Kila siku lazima asimame hapo. Anagusa ile ya chini tu anayoifikia, mmoja mmoja, na kila akigusa husema "ii!" Akimaliza anarudia msumari wa mwanzo. Kisha anapanda baraza kwa tumbo, anateremka kinyumenyume, anachuchumaa kumtazama paka. Peke yangu mpaka bustani ya Forodhani ni dakika 10. Na yeye ni saa nzima, na katika saa hiyo namuona anajifunza kushuka ngazi, kusubiri, kuamua kushoto au kulia. Mgongoni hayo hayapati.

Si maneno yangu tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne ajishughulishe kwa mwili si chini ya dakika 180 kwa siku, na asikae amefungwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari au mgongoni mwa mtu. Mgongoni! Mbeleko zetu nazo zimo. Naipenda mbeleko, nimelelewa nayo, lakini ina kipimo chake.

Simwachi ovyo. Yeye anachagua njia, mimi nachagua mipaka. Kabla ya kila kona namtangulia, nasimama, nasikiliza. Nakaa upande ambao magurudumu yanaweza kutokea, yeye upande wa ukuta. Tukifika barabara ya Darajani mchezo umekwisha: nambeba, akilia na alie. Mtoto wa umri huu hajui mlio unatoka wapi wala chombo kinakuja kwa kasi gani, na kwa kimo chake dereva hamuoni mpaka amfikie.

Pamoja na yote hayo, wiki iliyopita pikipiki ilichomoza konani bila honi. Nilimvuta binti yangu kwa kifundo cha mkono, tukaangukia barazani wote wawili. Dereva hakugeuka. Mikono ilinitetemeka mpaka Magharibi.

Kijana wa bodaboda, Malindi:

Dada, pole sana, na huyo dereva amekosa, simtetei. Lakini usituweke sote kapu moja. Gari haziingii humo ndani. Mtungi wa gesi nani anauleta? Mgonjwa usiku nani anamtoa mpaka barabarani? Juzi nimempakia bibi hawezi kukanyaga, mjukuu wake kamshikilia kwa nyuma. Mkitufungia, watakaoumia ni hao. Mtoto mpeleke bustani ya Forodhani au ya Jamhuri akakimbie, kule hakuna vyombo.

Bibi wa Kiponda:

Wanangu, mimi nimelea watano humu humu. Zamani mtoto akitoka mlangoni, kila baraza lilikuwa na macho. Anayeuza kahawa anamuona, anayeshona kofia anamuona, akivuka mpaka anarudishwa. Leo nyumba za jirani zangu zimekuwa hoteli, barazani wamekaa wageni wa siku mbili. Mama huyu analea kwa macho mawili kazi iliyokuwa ya macho ishirini. Mzee yule asilaumiwe, yeye kaogopa. Lakini badala ya kumwambia "mbebe," angeliweza kusimama pale konani akamwangalizia.

Mama wa Hurumzi:

Bibi, umenitoa machozi, ahsante.

Kaka, ya mgonjwa na gesi nakubali kabisa, sitaki zifungiwe siku nzima. Ninachoomba ni hiki: tokea Alasiri mpaka Magharibi, wakati watoto wote wako nje, kwenye vichochoro vyembamba dereva azime mashine, aisukume pikipiki kwa miguu. Mwenye mgonjwa apite. Saa nyingine mwendo uwe wa mtu anayetembea, na honi kila kona.

Bustani nampeleka. Lakini kufika Forodhani lazima tupite njiani, na mtoto haishi bustanini, anaishi kwenye njia ya nyumbani kwao. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mtu akitaka kubadilisha dirisha anaomba ruhusa. Njia hizi zilipangwa kwa miguu ya watu kabla chombo chochote cha moto hakijafika Unguja. Mbona dirisha tunalilinda, na mwendo wa miguu tunauacha?

Kijana wa bodaboda, Malindi:

Kusukuma na abiria juu haiwezekani, dada. Abiria hatokubali kulipa. Mwendo mdogo na honi, hilo naliunga mkono, na kwa wenzangu kijiweni nitalisema leo.

Mama wa Hurumzi:

Abiria ateremke mwanzo wa kichochoro, ni hatua chache. Lakini tuanze na hilo la honi. Wakaazi wengine, andikeni kona zenu zinazoziba macho, nizipeleke zote pamoja kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Yangu ni ile ya mlango wa misumari ya shaba, ukitoka Hurumzi.