Kaka yangu amerudi kazini: je, bado anaweza kudai fidia ya kupungukiwa na uwezo wa kuchuma?

Binti Kisauni:
Kaka yangu ni mwashi hapa Mombasa. Mwaka jana aligongwa na lori akavunjika mkono wa kulia, na ijapokuwa mfupa umeunga, vidole havikunji vizuri na hawezi tena kuinua jiwe. Mkandarasi anayemjua tangu zamani amemrudisha kazini kama mtunza vifaa, kwa malipo yanayokaribia yale ya awali. Sasa wakili wa upande wa bima anasema kwamba, maadamu analipwa, hakuna alichopoteza zaidi ya maumivu, na kwamba hata kama kipo hana hati ya mshahara ya kukithibitisha. Jengo hilo likiisha, ni nani atakayemwajiri mwashi asiyeweza kushika mwiko?

Karani Mstaafu:
Pole sana, dada, na umpe pole kaka yako. Swali lako la mwisho ndilo kiini cha dai lenyewe. Kuna hasara mbili ambazo watu huzichanganya. Kupoteza mapato ya baadaye ni hasara ambayo tayari inaweza kuthibitishwa kesi inaposikilizwa. Kupungukiwa na uwezo wa kuchuma ni kwamba jeraha limefinya nafasi ya mtu kupata kazi, au kupata kazi yenye malipo kama ya zamani. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilizitenganisha hasara hizi katika kesi ya Butler dhidi ya Butler ya mwaka 1984. Mwaka 2007, katika kesi iliyohusu kampuni ya sukari ya Mumias, ikaeleza kwamba hata aliye kazini anaweza kupewa fidia ya kupungukiwa na uwezo wa kuchuma, kwa sababu ulemavu umemweka katika hatari ya kuipoteza kazi hiyo na kutopata nyingine kwa urahisi. Hoja ya wakili yule kwamba kaka yako analipwa haitoshi kuliangusha dai.

Wakili wa Pwani:
Naungana na Karani, na kuhusu hati ya mshahara niongeze kwamba mwaka 2005 mahakama hiyohiyo, katika shauri la kifo cha seremala, ilikataa wazo kwamba kipato huthibitishwa kwa karatasi pekee, kwani Wakenya wengi huchuma bila kuweka kumbukumbu. Hata hivyo ushahidi ni lazima uwepo: mkandarasi mwenyewe, mafundi wenzake, na taarifa za M-Pesa kama alilipwa kwa njia hiyo.

Ugumu uko kwenye kiasi. Hakuna kanuni moja ya hesabu. Majaji wengine hutoa jumla moja, ndogo au kubwa kulingana na mazingira; wengine huzidisha kipato kwa miaka ya kazi iliyobaki, kisha kwa asilimia ya ulemavu. Kwa mfano, shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa miaka 15, kwa ulemavu wa asilimia 20, ni shilingi 1,080,000. Mimi naihofia asilimia hiyo, kwa kuwa daktari huipima kwa mwili mzima, ilhali jeraha la mkono linalohesabiwa kuwa asilimia 20 tu ya mwili linaweza kumfungia mwashi karibu kazi yote anayoijua. Mwombeni daktari aandike bayana ni kazi zipi za uashi ambazo hataweza kuzifanya tena.

Binti Kisauni:
Nawashukuru nyote wawili. Hati ya madai imetaja maumivu na gharama za matibabu tu. Je, tumechelewa?

Wakili wa Pwani:
Ikiwa kesi haijasikilizwa, wakili wenu aombe ruhusa ya kuirekebisha hati mara moja. Mahakama inaweza kuijumuisha fidia hii ndani ya fidia ya jumla (ile ambayo mahakama huikadiria yenyewe, kama ya maumivu), lakini dai lililotajwa peke yake, pamoja na mambo yanayolithibitisha, ni gumu zaidi kupuuzwa. Msisubiri: muda wa kudai kwa uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na marekebisho yanayoletwa baada ya hapo hupingwa vikali. Tena mkandarasi aandike taarifa yake sasa, akieleza kwamba kazi aliyompa kaka yako ni ya muda na kwamba kwa mkono ule asingemwajiri kama mwashi.