Mjadala: Madarasa ya vipawa yabaki au yafutwe?

Mwanzisha mada, Chake Chake

Assalamu alaykum. Hapa Zanzibar, kila yakitoka majina ya watoto waliochaguliwa kuingia vipawa na michepuo, yaani madarasa ya waliopata alama za juu, ugomvi huanza upya: wako wanaotaka madarasa hayo yafutwe, watoto wote wasome pamoja. Safari hii wanaoyatetea wamekuja na hadithi fupi ya Kurt Vonnegut, "Harrison Bergeron", ya mwaka 1961. Kwa asiyeisoma: ni Marekani ya mwaka 2081, katiba imeongezwa vifungu mpaka cha 213, na watu wote wamesawazishwa kwa nguvu. Mzuri wa sura huvishwa kinyago. Mwenye mwili wa nguvu hubebeshwa mizigo. Mwenye akili hutiwa redio sikioni, inayompasulia kelele kila baada ya sekunde 20 hivi ili fikra yake isifike mwisho. "Mnaona?" wanatwambia, "huo ndio usawa mnaoutaka."

Nasema wanaisoma kombo. Tafuteni mle ndani mtu mmoja tu aliyeinuliwa: aliyefunzwa zaidi, aliyepewa mwalimu. Hayumo. Mwandishi ametia chuku makusudi, na chuku yake inawapiga wanaoshusha watu. Anayetaka skuli ya kisiwani Kojani, huku Pemba, ipate mwalimu wa fizikia kama ya mjini hajamtia mtu redio sikioni.

Mwalimu, Unguja Mjini

Mwalimu mwenzangu, hayo ya Kojani sote tunayataka. Lakini njoo darasani kwangu. Ninaye mtoto anamaliza hesabu kabla sijaweka chaki chini. Baada ya hapo huchora ngalawa kwenye jalada la daftari mpaka kengele ilie, kwa sababu nimeshughulika na wale arubaini wengine. Kwa mtoto yule redio ni mimi. Ukifuta vipawa leo, kesho yuko vile vile, na huyo mwalimu wa fizikia bado hajaja.

Mzazi, Micheweni

Nyinyi walimu mmeshika redio, mie natizama ule mfuko. Baba yake Harrison, yule kijana wa hadithi, kafungwa shingoni mfuko wa marisau, risasi ndogo ndogo, wa ratili 47, kama kilo 21, tena kwa kufuli. Mkewe anamwambia apunguze kidogo akiwa ndani kwake, naye anajibu kuwa kila risasi moja atakayoitoa ni miaka miwili jela na faini ya dola 2,000. Hapo nikasita. Binti yangu huteka maji kabla ya skuli, na siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, akirudi hushuka pwani kunisaidia mwani. Mwenzake wa mjini akitoka skuli anaingia tuisheni. Mtihani wanaofanya ni huo huo mmoja. Sasa nani kafungwa mfuko?

Kijana, Jang'ombe

Mimi huyo Harrison mwenyewe ananitia wasiwasi. Kijana wa miaka 14, anaingia studio ya televisheni na mizigo ya vyuma bado mwilini, anapiga ukelele kwamba yeye ni mfalme na kila mtu afanye asemavyo papo hapo! Na wasomaji wanampigia makofi. Hapa kwetu sultani aliondoka Januari 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka huo huo elimu ikatangazwa bure kwa wote. Haikutangazwa ili tuanze kutafuta wafalme wadogo wadogo kwa matokeo ya darasa la sita.

Mwanzisha mada, Chake Chake

Kijana, umekwenda mbali, ingawa kinaya hicho umekiona vizuri. Bi wa Micheweni ndiye aliyenitikisa. Basi tuseme madarasa yabaki, ila kila skuli itoe watoto wake wawili wa juu, kwa alama zozote walizopata wao.

Mwalimu, Unguja Mjini

Na mtoto wa mjini mwenye 90 akiachwa, akachukuliwa wa Micheweni mwenye 65, mama yake ataambiwa na nani?

Mzazi, Micheweni

Na mie. Aje bamvua lijalo, tutazungumza huku tunafunga mwani.