Bei hizi za magari: tununue jingine au tubaki na mikweche yetu?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma:

Wakuu, salaam. Naileta hii kwa sababu kila kijiwe cha Mwanga na Gungu kinaibishania na hakuna anayemaliza: bei za magari zimepaa, je, huu ni wakati wa kuuza gari la zamani na kuchukua jingine, au wa kukarabati ulilo nalo? Nataja msimamo wangu mapema ili msihangaike kuutafuta. Baki na lako. Naendesha Toyota Raum yenye namba ya usajili ya herufi B na sina mpango wa kuiacha.

Kwanza tujue tunabishania nini. Hapa hakuna anayezungumzia gari la kutoka kiwandani. Tunazungumzia IST, Passo, Premio na Harrier ambazo Wajapani wamezitumia wakachoka nazo. IST ya umbo la kwanza, ile tunayoipenda, ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ikishushwa bandarini Dar es Salaam mwezi huu itapewa namba E, majirani watakuja kukupongeza, utachinja kuku, lakini ni rika moja na Raum yangu. Namba inaonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania. Mwaka liliotengenezwa hausomeki pale. Kwa hiyo wengi wanaosema "nimebadilisha gari" wameuza mkweche wanaoyajua maradhi yake, wakaongeza mamilioni, wakanunua mkweche wasiomjua hata fundi wake. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa kodi, maana hapa ndipo watu hupiga hesabu nusu. Chukua gari la cc 1,300 lenye umri uliozidi miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani yake likifika bandarini, yaani bei, nauli ya meli na bima kwa pamoja. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya yote hayo. Ni kodi juu ya kodi. Gari lililofika kwa milioni 8 linakuwa milioni 10 baada ya forodha, milioni 13.5 baada ya bidhaa na uchakavu, na karibu milioni 16 baada ya VAT. Hapo hujalipa usajili, tozo ya reli wala wakala. Na usidhani risiti yako ya bei ya kutupa itakuokoa: TRA, watu wa mapato, wana jedwali lao la thamani za magari yaliyotumika. Passo ya cc 996 inasamehewa ile asilimia 5 ya injini, lakini uchakavu haiukwepi.

Likishatoka bandarini bado liko mbali na wewe. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zaidi ya 1,200. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 100 njiani, na dereva naye anataka posho, kula na kulala.

Mkopo je? Tuseme unauza lako milioni 6, unataka la milioni 16, unakopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka mitano. Rejesho linakuja kama shilingi 243,000 kila mwezi, na mpaka umalize umelipa milioni 14.6. Hiyo 243,000 mara 12 ni zaidi ya milioni 2.9 kwa mwaka. Mkuu, ukiniwekea milioni 2.9 kila mwaka kwa ajili ya Raum peke yake, nitafunga shokapu zote, bushi, tairi nne na betri, nisafishe rejeta, na chenji nitairudisha nyumbani. Hata injini ikifa kabisa, injini ya mtumba ya 1NZ, ndiyo ya Raum yangu, kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei ninazoulizia, haimalizi marejesho ya mwaka mmoja. Wanaokopa kwa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kukamua, ili wapate gari la kuendea harusini sina cha kuwaambia.

Najua mtaniletea habari ya mafuta. Sawa, tupige. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kigoma lita ni ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Mwaka 2023 petroli ilivuka 3,200 hata Dar es Salaam kwenyewe. Tuseme basi 3,200. Gari langu linakwenda kilomita 10 kwa lita, jipya lako 15. Kwa kilomita 800 za mwezi, mimi natumia lita 80, wewe 53 na ushee. Tofauti ni kama 85,000 kwa mwezi, milioni moja na kidogo kwa mwaka. Ukiongeza milioni 10 kununua hilo gari, itakuchukua karibu miaka kumi kuzirudisha kwenye mafuta, na hapo sijahesabu riba. Ila kama unapiga kilomita 3,000 kwa mwezi, hesabu inageuka, na hapo sibishani na mtu.

Jambo lingine halisemwi sana. Tangu 2017 hatulipi tena ada ya leseni ya magari ya kila mwaka. Ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake gari lililoegeshwa uani halilimbikizi deni kama zamani. Unaweza kulikarabati polepole, mwezi huu brekipedi, mwezi ujao plagi.

Na spea. Raum, IST, Spacio na Probox nyingi zinatumia injini hiyohiyo ya 1NZ ya cc 1,500. Inatumia cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya muda. Kifaa cha injini kinachoiponya Probox ya Kasulu kinaiponya Raum yangu, na fundi wa mtaani anaifungua akiwa anapiga soga. Wewe unayetaka kurukia haibridi au gari la giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, umeshamuuliza fundi wako? CVT ina oili yake. Akikutilia ya kawaida kwa mazoea, ndani ya muda mfupi unatafuta giaboksi nyingine, na hiyo itapanda basi kutoka Dar es Salaam kama kifurushi.

Haya, karibuni. Mwenye hesabu tofauti aiweke mezani.

Mchangiaji, Kasulu:

Kaka, hesabu zako nzuri lakini ni za mtu anayeendesha gari kwenda kazini na kurudi. Mimi nina Probox inabeba abiria Kasulu na Kigoma. Gari yangu ya kwanza nilikuwa nayo kama wewe na Raum yako: leo bushi, kesho boljointi, keshokutwa inachemsha. Kila moja ukiitazama ni hela ndogo. Tatizo hukuweka kwenye hesabu siku ambazo gari haitembei. Fundi anakwambia spea iko Dar es Salaam, itakuja na basi. Siku mbili zinakuwa nne. Dereva hana kazi, hesabu ya siku hailetwi, abiria wako wameshazoea kupanda gari ya mwenzako, na hao hawarudi kwa sababu gari yako imepona.

Halafu kuna usalama. Mtu unayekwenda nyumbani Ujiji taratibu unaweza kuvumilia brekipedi zinazopiga kelele. Mimi nimebeba roho za watu kwenye vilima vya huku, trafiki ananisimamisha, LATRA, wanaosimamia usafiri wa ardhini, wana masharti yao. Gari iliyochoka ni kesi inayosubiri tarehe. Nilichofanya, nikauza ile ya zamani ingali inawaka vizuri, maana bei ya gari inayowaka na bei ya gari iliyolala hazikutani. Wanaobaki na mkweche huwa wanauza wakati umeshakufa, wanapewa bei ya chuma chakavu halafu wanalaumu madalali.

Mchangiaji, Tabora:

Mimi mtumishi, nipo Tabora mjini, nimesoma wote wawili. Mleta mada umegusa kodi lakini umeiacha katikati, wakati ugomvi wetu wote unaanzia pale.

Majirani wameweka ukomo: Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 wamezuia yaliyozidi 15. Sisi hatukuzuia, tulichagua kutoza. Nia inaeleweka, ni kutusukuma tulete magari yenye umri mdogo. Sasa angalieni inavyofanya kazi. Gari la cc 1,300 lenye miaka 6 halilipi uchakavu, sawa. Lakini bei yake bandarini si milioni 8, tuseme ni 14. Weka forodha, ile asilimia 5, weka VAT, unafika karibu milioni 21.7. Aliyekuwa na 16 mkononi hawezi kuruka mpaka huko kwa sababu tu amesamehewa asilimia 30. Atalipa uchakavu wake, achukue lile lililozidi miaka 10. Na asiyeweza hata 16 atabaki na lake mpaka lioze. Kodi iliyotaka kutufanya tuendeshe magari ya kisasa imetufungia kwenye ya zamani, yaliyopo nchini na yanayokuja.

Ongezeni dola. Mwanzoni mwa 2022 ilikuwa kama 2,300, kufika katikati ya 2024 ilishazidi 2,600. Mjapani hajapandisha kitu, gari limepanda. Na kodi inatozwa kwa asilimia, kwa hiyo nayo ikapanda bila Bunge kukaa. Mimi ningependa forodha ipunguzwe kwa magari yenye umri chini ya miaka 8 na injini ndogo, uchakavu ubaki ulivyo. Hapo tungebishana kuhusu kununua gari jipya kweli.

Kwa sasa nimeamua kusubiri na Carina Ti yangu. Si kwamba naipenda. Mkopo wangu wa mshahara wa kujengea bado haujaisha.

Mchangiaji, Ujiji:

Jamani kaka zangu, mbona wote mnajadili gari lipi na hakuna anayeuliza kama anahitaji gari? Mimi niliuza langu nikafanya mtaji wa mawese. Mjini napanda bajaji, mzigo nakodi kirikuu siku ninayouhitaji, Kasulu napanda hizohizo Probox za kaka hapo juu. Bima sikati, fundi hanipigii simu usiku. Wengi wenu gari linalala uani siku tano kati ya saba, mnaliosha tu.

Mleta mada:

Dada wa Ujiji, hilo la kuosha limenigusa pabaya, nalipita kimyakimya. Lakini ukiwa na mgonjwa saa nane usiku, bajaji ya kukupeleka hospitali ya Maweni utaipata kwa bei gani? Hiyo ndiyo siku gari linajilipa.

Mkuu wa Tabora, nakubaliana nawe kuhusu forodha. Ila ona kinachofuata: maadamu kodi iko hivyo na dola iko hivyo, magari yaliyokwisha kulipiwa, yaliyo humu nchini, ndiyo yanayoshikilia thamani. Nikiagiza gari leo nalipia kodi yote upya. Raum yangu ilishalipiwa zamani, dola ikiwa chini. Wewe umenipa hoja yangu.

Kwa kaka wa Kasulu, gari la biashara nalitoa kwenye mada yangu, na ningepaswa kulitoa tangu mwanzo kwa jinsi ulivyoeleza. Gari linaloleta hesabu kila jioni lina sheria zake. Lakini hata kwa sisi wa gari la nyumbani, sisemi mtu abaki na chochote kinachowaka. Chasi ikishaliwa na kutu, acha, hakuna fundi wa kuchomelea atakayekurudishia ugumu wake. Silinda hedi ikishapelekwa kukwanguliwa na gari bado linachemsha, hapo unafukuza upepo. Na kama kadi haiko kwa jina lako, aliyekuuzia hapatikani na kila ukisimamishwa na trafiki moyo unadunda, hilo litafutie ufumbuzi TRA kabla hujalipeleka gereji kulipiga rangi.

Nje ya hapo narudia: aliye na gari la injini inayojulikana, chasi nzima na kadi safi, atenge nusu tu ya rejesho la mkopo kila mwezi, aiite hela ya gari, asiiguse kwa jingine.

Mchangiaji, Kasulu:

Hapo kwenye kutenga ndipo mnapojidanganya, kaka. Benki inakukata mshahara kabla hujauona. Hiyo "hela ya gari" ya nyumbani nani anakukata? Ada ya shule ikifika Januari, utaniambia shokapu zimefungwa? Mimi naona watu kibao huku wanaosema wanakarabati polepole, na gari liko juu ya mawe tangu mvua za mwaka jana. Nionyesheni mmoja tu aliyetenga hiyo hela mwaka mzima bila kuigusa, mshahara wake wa kawaida, halafu tuendelee.