Tupeane uzoefu: vihusishi, vielezi na viunganishi vya Kiingereza vilikukwamisha wapi?

Mwandika Ripoti (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kazi yangu inanilazimu kuandika ripoti kwa Kiingereza. Sentensi fupi hazinisumbui. Taabu huanza ninapotaka sentensi moja ibebe mambo mawili: kikwazo na matokeo, sababu na tukio, la kwanza na lililofuata.

Siku moja niliandika: "Despite of the machine was old, we finished on time." Msimamizi akanirudishia ripoti ikiwa na duara kwenye "of" na jingine kwenye "was", bila neno la maelezo. Jioni nzima nilikaa na yale maduara mawili.

Nilichokuja kukiona ni kwamba jibu nilikuwa nalo kwenye Kiswahili changu. Sisi husema "licha ya uchakavu wa mashine", au "ingawa mashine ilikuwa chakavu". Hakuna anayesema "licha ya mashine ilikuwa chakavu", sikio linakataa. "Licha ya" inataka nomino, "ingawa" inataka kishazi chenye kitenzi chake. Ndivyo ilivyo kwa "despite" na "although". Ile "of" nayo niliichomoa kwenye "ya" yetu. Kiingereza huiweka kwenye "in spite of", lakini kwenye "despite" hakiiweki.

Tangu hapo natumia kipimo hiki: naisema kwanza kwa Kiswahili na kuangalia kama inatoka na a-unganifu, yaani ile "ya" au "wa" inayounganisha maneno. "Kwa sababu ya mvua" ni "because of the rain". "Kwa sababu mvua ilinyesha" ni "because it rained". "Wakati wa mkutano" ni "during the meeting". "Wakati tulipokuwa tukizungumza" ni "while we were talking". Kimenitoa mbali. Ila hakifiki kila mahali, ndiyo maana nimefungua mada hii. Wewe ulikwama wapi, na ulijinasua vipi?

Peni Nyekundu

Mkuu, kipimo chako nitakwenda nacho darasani kesho. Mimi ni mwalimu, na kosa ninalokutana nalo zaidi ni pacha wa hilo lako: "Although he was tired, but he continued." Kwetu "ingawa alikuwa amechoka, lakini aliendelea" inapita katika mazungumzo bila mtu kugutuka. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu hapo: ama "although" mwanzoni, ama "but" katikati.

Ndugu yake ni "however". Wanafunzi huiweka mahali pa "but" kwa sababu zote mbili kwetu ni "lakini". "However" ni kielezi, haina nguvu ya kushikanisha vishazi viwili kwa mkato peke yake. Weka nukta au nuktamkato, kisha uianze: "He was tired; however, he continued."

Mfasiri wa Usiku

Langu si la kuandika bali la kusoma, na liliniuma.

Nilipewa ripoti ya matengenezo yenye sentensi hii: "The technician repaired the pump in the yard." Nikafasiri kwamba fundi aliitengenezea pampu uani. Baadaye kukazuka mzozo: pampu zilikuwa mbili, moja ndani na moja uani, na mwandishi alimaanisha pampu iliyo uani ndiyo iliyotengenezwa. Tafsiri yangu haikusema pampu ipi.

Kirai (kifungu cha maneno kisicho na kitenzi) "in the yard" kinaweza kukieleza kitenzi, kikafanya kazi ya kielezi: ametengenezea wapi? Kinaweza pia kuieleza nomino iliyo jirani yake, kikafanya kazi ya kivumishi: pampu gani? Kwa umbo huwezi kujua, maana hakibadiliki hata herufi. Kiswahili kinakulazimisha uchague, kwa sababu "pampu iliyo uani" ina "iliyo" yake inayofunga nomino na mahali. Mwingereza anaweza kuiacha wazi, na mfasiri ndiye anayebeba mzigo.

Siku hizi nikikuta kirai cha namna hiyo mwishoni mwa sentensi, nakihamishia mwanzoni kwa majaribio. "In the yard, the technician repaired the pump." Kama maana imebaki ileile, ni cha kitenzi. Kama imebadilika, kilikuwa cha nomino. Na nikibaki na shaka, namwuliza mwenye maandishi kabla sijaendelea, hata kama muda umebana.

Hatua kwa Hatua

Langu fupi. "Discuss about", "emphasize on", "explain me". Hayo mawili ya kwanza kihusishi kimezidi, la tatu kimepungua. Hilo la tatu nadhani linatokana na kauli yetu ya kutendea: "nieleze" imeshambeba mtendewa ndani ya kitenzi. Kiingereza kinataka "explain it to me".

Sikio Makini

Mimi nilikwama kwenye usaili. Nilisema "I went back to home" na "in last week" ndani ya dakika moja, nikaona uso wa mwulizaji unabadilika, nikapoteza kujiamini mpaka mwisho. Baadaye nikaelewa kwamba "home" baada ya kitenzi cha mwendo inasimama kama kielezi, haihitaji "to". "Abroad" na "upstairs" vilevile. "Last week" inasimama yenyewe, ingawa "in the morning" inataka "in".

Lililonisaidia zaidi ni kuacha kukariri kwamba neno hili ni kihusishi na lile ni kiunganishi. Tazama "before". "Before the meeting": mbele yake kuna nomino. "Before we met": kuna kishazi. "I have met her before": hakuna kitu, sentensi imekwisha. Neno ni lilelile, na kilichobadilika ni kinacholifuata. Kwetu hiyo ya kwanza ni "kabla ya", ya pili ni "kabla" na kitenzi chenye "-ja-", na ya tatu inageuka kabisa: "niliwahi kukutana naye". Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, mwaka 1924 alishauri vielezi, vihusishi na viunganishi viwekwe katika kundi moja kwa sababu kama hiyo. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana. Na ona "right" inavyokaa mbele ya zote: "right after the rain", "right after it rained".

Mwandika Ripoti

Sikio Makini, umenifungulia mlango. Hapo ndipo kipimo changu kilipokuwa kinakwama, kwenye "since" na "until". "Tangu" na "mpaka" zetu hazibebi a-unganifu, kwa hiyo hazinionyeshi kitu. Kutazama kinachofuata kunafika hadi huko.

Jirani Mwema

Kwa kuwa mmeitaja "since", nami niseme. Nilihamishwa kitengo, na baada ya wiki kadhaa mwenzangu wa zamani akaniandikia: "Since you left the team, we have changed the plan." Nikaisoma "kwa kuwa umeondoka". Nikaona nalaumiwa, nikanyamaza siku tatu bila kumjibu. Mwishowe nikampigia. Yeye alimaanisha "tangu ulipoondoka", alikuwa ananipa habari tu, na alishangaa kwa nini nilikuwa kimya.

Sentensi ile inabeba maana zote mbili, na kitenzi chake hakisaidii kuamua. Mimi sasa nikimaanisha sababu naandika "because". "Since" nimeiachia wakati.