Perl: fanksheni ya kuazima inageuka methodi ya klasi yako bila kukuuliza. Nimechoka!

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Mfumo wetu wa ankara umeandikwa kwa Perl, lugha ya kuandikia programu. Klasi mama, `Ankara`, ina methodi (fanksheni ya klasi) `sum` inayojumlisha mistari ya ankara. Juzi mtoa huduma wetu kaleta toleo jipya la klasi mtoto inayorithi methodi zake, `AnkaraYaMkopo`. Kaongeza mstari mmoja tu wa kuazima fanksheni `sum` ya moduli ya List::Util ili apige hesabu ya riba: `use List::Util qw(sum);`. Basi! Tangu hapo `$ankara->sum` ya mkopo inarudisha namba yenye tarakimu 14, trilioni 94 na ushee, na ukiwasha programu upya inakuja nyingine. `strict` ipo, `warnings` ipo, yaani zile za kukamata makosa, zote kimya. Ankara ikamfikia mteja.

Sababu ni kwamba Perl haitenganishi subrutini na methodi. Kila jina lililomo kwenye pakeji linaitika ukiliita kwa mshale, hata kama limeletwa kutoka moduli nyingine kwa kazi ya ndani tu. Perl huanza kutafuta kwa mtoto kabla ya kupanda kwa mama. Ikaikuta `sum` ya List::Util, ikaipa obijekti yetu kama kitu cha kujumlishwa, na rejea ya obijekti ikisomwa kama namba ni anwani yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Yaani tumemdai mtu anwani ya kumbukumbu!

Ukiandika `sub sum` mara mbili ndani ya pakeji moja, Perl inakupa onyo palepale. Jina likigongana kupitia urithi, haisemi neno. Kwa nini?

Tumelalamika, tukajibiwa "Perl ndivyo ilivyo, someni nyaraka." Hilo si jibu la mtu aliyelipwa.

Na msiniletee habari ya kuanza jina kwa `_` kuonyesha kuwa methodi ni ya ndani. Huo ni ustaarabu tu, hauzuii chochote. Mama ana `_andaa`, mtoto akaandika `_andaa` yake bila kuwahi kuona msimbo wa mama, basi mama mwenyewe akiita `$self->_andaa` anaangukia kwa mtoto. Kwenye Java methodi ya `private` inabaki ya mama, mtoto akitumia jina hilohilo haigusi. Perl 5 ipo tangu 1994, lakini `my method`, ya kutangaza methodi ya ndani kweli, imeingia kwenye 5.42, mwaka 2025, tena ndani ya mfumo mpya wa `class` ambao bado ni wa majaribio. Sisi tuko 5.26.

Dawa ya majina ya kuazima ipo: moduli ya `namespace::autoclean` inayafuta yasigeuke methodi. Ni mstari mmoja. Anayeuza klasi za kurithiwa bila kuuweka anauza bomu, na nataka hilo liandikwe kwenye mikataba yetu ijayo.

Mnaotunza mifumo ya zamani, methodi za ndani za klasi mama mnazifungaje? Sisi tumeanza kuita `_andaa($self)` bila mshale, ili Perl isiende kutafuta kwa mtoto. Kuna aliyeona hii ikimletea shida?