Mnatuuzia nyuzi za plastiki mkisema zinahimili moto wa tanuri!

Jamani wa Chake na Pemba nzima, someni kabla hamjatoa pesa.

Nina tanuri la boflo, la kuni. Lipu ya ndani ilipochakaa nikaambiwa dukani nichukue pakiti za nyuzi nyeupe, fundi azichanganye na saruji. "Washa mpaka uchoke, halipasuki hilo." Sasa lipu inabanduka mapande mapande na kuangukia mikate. Mteja kauma saruji! Kurudi dukani, eti mchanga wenu una chumvi, eti fundi hajui kazi. Fundi huyo huyo ndiye waliyemwita kupiga lipu nyumba zao.

Basi niseme alichopaswa kuniambia muuzaji. Nyuzi zile ni polipropilini, plastiki ile ile ya mapolo ya mchele. Inayeyuka kwenye sentigredi 160 na kitu, na tanuri la kuni linapita 300 bila taabu. Kazi yake ni kuzuia nyufa ndogo ndogo saruji inapokauka siku za mwanzo, na hapo sina ugomvi nayo. Hata kwenye moto wa ajali inasaidia: mahandaki ya barabara huko Ulaya hutiwa nyuzi hizi makusudi ziyeyuke, ziache vijia mvuke upate pa kutokea, zege lisiripuke. Lakini hiyo ni kinga ya siku ya balaa. Mimi nawasha kila alfajiri! Zikishayeyuka zimekwenda, yamebaki matundu.

Wala msikimbilie za chuma. Zinavumilia zaidi, ila saruji yenyewe haivumilii. Ikifika 400 hadi 500, chokaa iliyomo ndani inapoteza maji yake, inakuwa kama haijazimwa kwa maji. Tanuri likipoa inanyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu mnaijua. Aliyewahi kuzima chokaa anajua inavyofura. Humo ndani ya lipu ifurie wapi kama si kupasua? (Tanuri la marehemu babu lilikuwa la udongo, na wala halikuwa na pakiti.)

Pesa sirudishiwi. "Bidhaa ikishafunguliwa hairudi." Sasa ningeitia kwenye saruji bila kuifungua? Na pakitini hakuna hata neno moja kuhusu joto.

Anayejua yanakopatikana matofali ya moto na saruji ya alumina, vile vinavyohimili joto la tanuri, Unguja au Dar, aandike hapa pamoja na bei. Wewe mwenye duka, najua unasoma. Nambari yangu unayo.